Milioni mbili dhidi ya njaa: kikundi cha vijana kizielekeze wapi?

Kila mwaka, wiki mbili tatu kabla ya Krismasi, vikundi vya vijana huanza kuchangisha fedha za kuwafikia wahitaji, na kila mwaka fedha hizo zikishapatikana huzuka ubishi uleule: tununue unga tukagawe, tuwape watu fedha mkononi, tupikishe uji shuleni, au tufanye jambo jingine kabisa? Nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo mkoani Dodoma kwa miaka sita, na mara mbili nimepigia kura uamuzi ambao baadaye niliujutia. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya kikundi chenye fedha kidogo lakini chenye nguvu na muda. Kipimo changu ni shilingi 2,000,000, kwa sababu ndicho kiasi ambacho vijana ishirini au thelathini wanaweza kukikusanya kwa michango ya mwaka mzima bila kumwendea mfadhili, na kwa sababu fedha zikiwa chache namna hiyo, kosa la kuchagua halichelewi kuonekana.

Njaa yenyewe ni ipi

Takwimu za dunia zinatisha, lakini hazimsaidii mweka hazina. Ripoti ya hali ya chakula duniani iliyotolewa mwaka 2025 na FAO pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu milioni 673 walikuwa na njaa mwaka 2024, na kwamba barani Afrika mtu mmoja kati ya kila watano, yaani zaidi ya watu milioni 307, alikuwa miongoni mwao. Kikundi chenye milioni mbili hakiwezi kupanga lolote kwa namba hiyo. Kinachokifaa ni kujua njaa ya pale kilipo huingia mwezi gani, huanzia nyumba zipi, na huletwa na nini.

Chukua mfano wa Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 kuhusu idadi ya watu na afya ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambako takribani nusu ya watoto, na Iringa zaidi ya nusu, walikuwa katika hali hiyo. Hiyo ni mikoa inayovuna mahindi ya kutosha na kuwauzia wengine. Kikundi kinachokwenda kugawa sembe Njombe kinawapelekea mahindi wakulima wa mahindi, wakati tatizo liko kwenye sahani ya mtoto isiyo na maharage, dagaa, yai wala mboga, na kwa mama ambaye anashinda shambani tangu alfajiri bila mtu wa kumlisha mwanawe mara ya tatu na ya nne kwa siku.

Kwetu Dodoma hadithi ni nyingine. Mvua ni moja tu kwa mwaka, huanza karibu na Desemba na kukatika Aprili, na mavuno huingia kuanzia Mei. Kaya nyingi huvuna, huuza sehemu kubwa ya mavuno mara moja ili kulipa madeni na kununua mahitaji, na kile kilichobaki huanza kwisha Desemba au Januari, wakati ambapo bei ya debe sokoni imekwishapanda. Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo mtu wa mjini halioni: mwezi wa palizi, shamba linapohitaji mikono kuliko wakati wowote, baba na mama huenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya wengine ili wapate unga wa jioni, na shamba lao wenyewe huachwa lizidiwe na magugu. Njaa ya Februari huzaa mavuno madogo ya Juni, na mavuno madogo ya Juni huzaa njaa ya Februari inayofuata. Njia yoyote ya kupambana na njaa ya aina hii inafaa ipimwe kwa swali moja: ikifika Februari, msaada wake utakuwa bado upo?

Furushi la chakula

Nianze na chakula cha kugawa, kwa kuwa ndicho ambacho kila kikundi hukifikiria kwanza. Furushi letu lilikuwa na kilo 10 za unga, kilo 2 za maharage na lita moja ya mafuta, na lilitugharimu shilingi 27,000 hivi, kwa hiyo ukitoa nauli ya gari la mizigo, milioni mbili hutoa mafurushi yasiyozidi 70. Kwa sensa ya mwaka 2022, kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, na kaya ya ukubwa huo ikila ugali mara mbili kwa siku humaliza unga huo kwa siku tano au sita. Tuligawa tarehe 23 Desemba, tukapiga picha, tukarudi mjini tukiwa na furaha ambayo siikani. Bibi mmoja alipokea furushi lake, akashukuru kwa mikono miwili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, na wakati wa palizi mtapita tena?” Hatukupita, kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu.

Hii haina maana kwamba furushi ni ujinga. Penye janga la ghafla, ambapo maduka yamefungwa au njia zimekatika na mtu mwenye fedha hana pa kununua, chakula kilichopakiwa ndicho msaada pekee wenye maana. Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika makazi ya watu Katesh, familia zilizopoteza nyumba zilihitaji kitu cha kula siku ileile, na semina ya kilimo bora haikuwa na nafasi. Furushi ni dawa ya dharura. Kulitumia kutibu njaa inayojulikana tarehe yake ya kuwasili ni kumpa mgonjwa wa kudumu huduma ya kwanza kila mwaka.

Fedha mkononi

Njia ya pili ni kuipa kaya fedha na kuiachia uamuzi. Wazee wengi huipinga wakisema fedha zitanywewa pombe, lakini ushahidi uliokusanywa Afrika Mashariki hauungi mkono hofu hiyo kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Utafiti uliofanywa katika Kaunti ya Siaya nchini Kenya ulifuatilia vijiji 653, ambapo zaidi ya kaya 10,000 maskini zilipewa takribani dola 1,000 kila moja na shirika la GiveDirectly, shirika lililoanzishwa na wanafunzi wa shahada za juu wa uchumi nchini Marekani. Watafiti walikuta kwamba kila dola moja iliyoingia ilizungusha uchumi wa eneo hilo kwa takribani dola 2.5, kwamba kaya ambazo hazikupewa chochote nazo zilinufaika kwa sababu majirani zao walinunua kwao bidhaa na kazi, na kwamba bei hazikupanda kwa kiwango cha kuumiza mtu. Tanzania nayo ina uzoefu wake kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012 chini ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii.

Ila msomaji mwenye milioni mbili asome takwimu hizo kwa uangalifu. Matokeo ya Siaya ni ya dola 1,000 kwa kaya moja, na mfuko wetu wote ukibadilishwa kuwa dola haufikii kiasi hicho. Tukiugawanya kwa kaya 40 tunapata shilingi 50,000 kwa kila kaya, fedha ambazo zitapunguza shida kwa wiki tatu na kisha zisionekane zilikopita. Hiyo si sababu ya kuzikataa, bali ni sababu ya kutozitarajia zifanye kazi ya kiasi kikubwa zaidi. Kwa maoni yangu, kikundi kidogo kikiamua kutoa fedha kinafaa kichague kaya chache sana, nane au kumi, zile zisizo na shamba wala mtu wa kulima, na kizipe kiasi kinachobadili jambo: mbuzi wawili, mtaji wa kukaanga maandazi, au kodi ya ekari moja kwa msimu mzima. Majina yatajwe na wanakitongoji wenyewe katika mkutano wa hadhara, ili kikundi kisibebe lawama za kumpendelea shangazi wa katibu.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo kwenye tafiti nilizosoma, ingawa tulikutana nacho mlango kwa mlango. Kati ya wazee tisa tuliotaka kuwatumia fedha kwa simu, wanne walikuwa wakitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wajukuu, na mmoja mjukuu wake alikuwa amehamia Dar es Salaam na laini yake. Ilibidi tubebe noti kwenye bahasha. Kwa Mtanzania aliye Muscat au Minneapolis, ambaye hawezi kushika jembe wala kukaa kwenye mkutano wa kijiji, fedha bado ndiyo njia inayomfaa kuliko zote, mradi ana mtu wa kuthibitisha kwamba bahasha imefika.

Uji shuleni

Njia hii ndiyo iliyonivutia kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo iliyoniletea majuto yangu ya pili. Hesabu yake inaanza vizuri. Mtoto mmoja anahitaji gramu 60 hivi za unga na kama gramu 10 za sukari kwa kikombe kizuri cha uji. Shule yenye wanafunzi 300 itatumia kilo 18 za unga na kilo 3 za sukari kwa siku, ambazo pamoja na kuni na posho ya mpishi zilitugharimu karibu shilingi 40,000. Milioni mbili, basi, ni siku 50 za uji. Mwaka wa masomo una siku 194. Tulianza Januari kwa nderemo, mahudhurio yakapanda hadi walimu wakatupigia simu kutushukuru, na katikati ya Machi, njaa ikiwa bado haijaondoka vijijini, sufuria ziliinuliwa zikawekwa stoo. Mwalimu mmoja alituambia kwamba wiki iliyofuata baadhi ya watoto wa darasa la kwanza walikuja na vikombe vyao kama kawaida, wakavikalia chini ya mwembe hadi kengele ya saa nne ilipolia.

Kosa halikuwa katika uji, lilikuwa katika kuununua. Linganisha na kisa cha Wawira Njiru wa Kenya, ambacho vijana wengi hukisimulia kwa ufupi kupita kiasi. Mwaka 2012, akiwa na miaka 21 na akisomea lishe nchini Australia, aliandaa mlo wa harambee, akapata fedha za kujenga jiko dogo huko Ruiru lililowalisha watoto 25. Shirika lililotokana na jiko hilo, Food4Education, leo hupika mamia ya maelfu ya sahani kwa siku, na tangu mwaka 2023 limeendesha pamoja na Kaunti ya Nairobi mpango wa Dishi na County, ambamo mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani na mtoto hugusisha bangili ya kielektroniki kwenye mashine ili ahesabiwe. Watu husimulia watoto 25 na kuruka sehemu ya shilingi 5. Lakini ni katika hizo shilingi 5, na katika mchango wa serikali ya kaunti unaokaa juu yake, ndipo jiko lilipopata uhai wa kuendelea bila kungoja harambee nyingine.

Kwetu Tanzania mzazi ana mkanganyiko wake. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wengi walielewa kwamba shule haina ruhusa ya kuomba chochote, na kamati nyingi za shule zikaogopa hata kutamka neno mchango. Mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi uliotolewa mwaka 2021 ulirudisha jambo hilo mikononi mwa wazazi na jamii, kwa makubaliano. Kwa hiyo kikundi cha vijana kikitaka kuingia shuleni, kisinunue unga. Kinunue vile ambavyo kijiji hakiwezi kuvipata kwa urahisi, yaani jiko banifu, sufuria mbili kubwa, tangi la maji na ndoo za kunawia, kisha kitumie muda wake kukaa na kamati ya shule ili mchango wa wazazi uwe debe moja la mahindi linalotolewa Juni, wakati mahindi yapo hadi yanamwagika njiani, wala usiwe fedha zinazoombwa Januari, wakati hata mwenyekiti wa kamati mwenyewe hana. Shule yenye ekari zake mbili tatu za kulima mtama au maharage ina nafasi nzuri zaidi. Shule ambayo mwalimu mkuu wake hataki kusikia habari za stoo na funguo, iacheni, hata kama watoto wake ndio wenye njaa kuliko wote, kwa sababu mahindi ya wazazi yakipotea mara moja hamtayapata tena.

Mfuko usiopitisha hewa

Sasa nije kwenye njia isiyo na picha nzuri hata kidogo. Ni mfuko wa kuhifadhia nafaka, nao una matabaka matatu: mifuko miwili ya nailoni nzito iliyoingizwa ndani ya kiroba cha kawaida. Ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliokuwa wakiwasaidia wakulima wa kunde wa Cameroon, na hapa nchini wengi huujua kwa jina la kinga njaa. Hauna dawa. Nafaka ikishafungiwa humo, wadudu waliomo huvuta hewa iliyobaki hadi oksijeni inapungua, wakaacha kula, wakaacha kuzaana, wakafa.

Ili kuelewa thamani yake ni lazima kwanza umwone dumuzi akiwa kazini. Mdudu huyu aliletwa na nafaka kutoka Amerika ya Kati, akagunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Scania kwa jinsi anavyosaga. Mwezi Desemba nilimkuta mama mmoja akikung'uta gunia alilolihifadhi tangu Juni: punje zilizotoka zilikuwa na matundu kama kichujio, nyepesi mkononi, na chini ya ungo ulibaki unga mweupe ambao haukupita mashineni bali tumboni mwa wadudu. Mwenye gunia la namna hiyo anajua, tangu siku ya kuvuna, kwamba mahindi yasiyouzwa yataliwa na Scania, na ndiyo maana anamuuzia mlanguzi Julai kwa bei yoyote, kisha ananunua Januari kwa bei ya mlanguzi. Watu humlaumu kwa kukosa mipango. Kuuza mapema ndiyo mipango yenyewe, kwa mtu asiye na pa kuweka.

Hapa ushahidi uko karibu kabisa na sisi. Katika wilaya za Kilosa na Kondoa, watafiti walizigawa kaya 1,023 za wakulima wadogo kwa kura: baadhi zikapewa mifuko mitano ya aina hii pamoja na mafunzo, nyingine zikaendelea kuhifadhi kama zamani. Katika miezi ya njaa, idadi ya kaya zenye uhaba mkali wa chakula ilipungua kwa takribani asilimia 38 miongoni mwa zilizopewa mifuko. Sijakutana na jambo jingine la bei hiyo lenye matokeo ya aina hiyo katika mwezi uleule ambao bibi yangu wa furushi aliuulizia. Sisi tulinunua kwa shilingi 5,000 kila mfuko. Kaya 60 zikipata mitano mitano ni shilingi 1,500,000, na laki tano zinabaki kwa maturubai ya kuanikia, nauli na mafunzo. Mfuko usiotoboka hutumika msimu wa pili na mara nyingi wa tatu.

Mafunzo ndiyo sehemu ambayo kikundi hakiruhusiwi kuidharau, kwa sababu mfuko mzuri wenye mahindi mabichi ni hatari kuliko gunia baya. Mahindi yenye unyevu hukaribisha ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haionekani wala haitoki kwa kupika. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikaja kwetu, Dodoma na Manyara, na kati ya wagonjwa 68 walioorodheshwa 20 walifariki. Mfuko huzuia ukungu usiendelee kukua lakini hauondoi sumu iliyokwishaingia shambani au kwenye uanikaji. Kwa hiyo mnafundisha kwanza kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kisha kupima: chukua chupa kavu ya soda, tia punje za mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, subiri dakika kumi na tano; chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yarudi juani. Baada ya hapo ni kujaza, kukandamiza hewa itoke, kusokota mdomo wa tabaka la kwanza, kuukunja na kuufunga kwa kamba, na kurudia hivyo kwa la pili na la tatu. Mfuko unakaa juu ya chaga, mbali na ukuta, penye paka ikiwezekana, maana panya haheshimu utafiti wowote.

Udhaifu wake ni mkubwa na ni lazima usemwe. Mfuko hauna la kumpa asiyevuna: mjane asiye na shamba, kibarua wa mjini, mfugaji aliyepoteza mifugo, wote hao wako nje. Mwaka wa ukame ukija, mifuko hukunjwa ikakaa juu ya dari. Tena hauleti mlo kamili. Kaya yenye magunia matano ya mahindi yaliyo salama bado inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa, kama Iringa inavyotuonyesha. Jambo la kubishania ni kama mifuko itolewe bure. Mimi nasema hapana. Mwaka tulioitoa bure, baadhi ilikutwa imebeba mkaa kwenda mjini. Mwaka tulioiuza kwa shilingi 2,000, kwa kumkatia bei mwenye duka la pembejeo la kijijini, hakuna aliyeichezea, na yule mwenye duka aliagiza nyingine kwa fedha zake.

Kisanduku na halmashauri

Njia mbili zilizobaki hazihitaji fedha nyingi, kwa hiyo nitazipitia haraka. Vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye kisanduku cha kufuli tatu na daftari la hisa, vilianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, vikaenea Afrika nzima. Utafiti uliofanywa Ghana, Malawi na Uganda ulikuta kwamba vinawasaidia wanawake kupata mikopo, kuendesha biashara na kuwa na sauti nyumbani, ila haukukuta ongezeko la wastani la matumizi ya kaya. Vinafaa, basi, lakini si dawa ya njaa peke yake. Vijana mkiwa waanzilishi, zingatieni jambo moja: vikundi vingi hugawana hisa Desemba, na fedha huishia kwenye sikukuu. Sogezeni mgao hadi mwisho wa Januari, debe likiwa juu na sare za shule zikiwa zimekwishanunuliwa, mtaona tofauti bila kuongeza hata shilingi moja.

Halmashauri ni njia ya watu wenye subira. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yanazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya urejeshaji mbovu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024. Vijana wengi huishia hapo, kwenye kuomba mkopo. Linaloniuma zaidi ni fedha nyingine isiyoulizwa: halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Halmashauri yenye watoto 30,000 wa umri huo inadaiwa milioni 30, sawa na milioni mbili zetu mara kumi na tano, kila mwaka. Vijana wawili wanaokwenda kwa afisa lishe kila robo mwaka, wakauliza kwa adabu kiasi gani kimetengwa, kiasi gani kimetoka na kimefanya nini, kisha wakasimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji kusema walichojibiwa, wanaweza kuleta zaidi ya harambee zetu zote. Gharama yake ni nauli na moyo wa kuambiwa “rudini wiki ijayo” mara nne.

Nani achague nini

Kikundi kilicho mahali penye janga la wiki hii kinunue mafurushi, bila mjadala mrefu. Walio mbali na nyumbani watume fedha, kwa kaya chache na kwa kiasi kinachotosha. Walio Iringa, Njombe au Rukwa waache mahindi kabisa, wafuate ile shilingi 1,000 ya lishe na bustani za mboga na kuku za akina mama. Walio karibu na shule yenye kamati iliyo hai wajenge jiko na kuachia wazazi unga. Na walio katika nchi ya mvua moja, ambako watu huvuna Juni na kulala njaa Februari, wasiangalie pembeni: wanunue mifuko mwezi Aprili, kabla mavuno hayajaanza na kabla wenye maduka hawajajua kwamba inatafutwa.

Sisi mwaka huu tumegawanya hivi: shilingi 1,400,000 kwa mifuko ya kaya 56, laki mbili kwa maturubai, laki tatu kwa kaya mbili zisizo na mtu wa kulima, na laki moja kwa nauli ya wajumbe wawili wanaomfuatilia afisa lishe. Juni, baada ya kufunga tabaka la tatu, kila mwenye mfuko alipewa kalamu ya wino mzito aandike ubavuni mwezi ambao hataufungua kabla yake. Wengi waliandika Januari. Mama wa lile gunia lililosagwa na Scania aliandika Februari kwenye mifuko miwili, akafikiri kidogo, na kwenye wa tatu akaandika “palizi”.